Katika Duara la Mzee wa Santo Antônio

Mtu wa Mombasa akifika Salvador, huko Bahia nchini Brazil, hajihisi mgeni kwa muda mrefu. Minazi ni ile ile, joto ni lile lile, na Wareno wamepita. Watu wa Salvador walianzishiwa mji 1549, ukawa makao makuu ya koloni lote la Brazil hadi 1763. Sisi tulijengewa Fort Jesus kuanzia 1593. Salvador ina ngome nyingi kutushinda, na mojawapo, São Marcelo, ni ya mviringo, imezungukwa na maji mbele ya bandari. Zamani ghuba ile ilijaa saveiro, vyombo vya tanga vilivyoleta ndizi, vyungu na unga wa mhogo kutoka vijiji vya ndani ya ghuba. Leo vimebaki vichache, vya kuonyeshwa zaidi kuliko vya kuchukua shehena. Nilipoambiwa hayo nilisikitika kama niliyepewa habari za jamaa yangu, kwa sababu majahazi yetu nayo yamekwenda njia hiyo hiyo.

Lakini sikwenda kutazama ngome wala vyombo. Nilikwenda kwa mzee mmoja anayefundisha capoeira katika mtaa wa Santo Antônio Além do Carmo, juu kwenye mji wa kale. Jina lake silitaji. Hapendi kuandikwa, na hiyo ni haki yake. Wanafunzi wake humwita Mestre tu, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Habari zake nilizipata Pemba, si kisiwa chetu bali mji wa Pemba wa Cabo Delgado, Msumbiji, nilikofanya kazi na ndiko nilikookota Kireno changu. Mwenzangu mmoja wa kazini alikuwa amepitia mikononi mwake, na kila aliponisimulia aliinuka kitini kunionyesha.

Capoeira, kwa asiyeijua, huchezwa na watu wawili ndani ya duara la watu wanaoimba na kupiga ngoma; duara hilo ndilo roda. Wawili wale hurushiana mateke ya kuzunguka, huviziana kwa mitama na vichwa, hupita kwa mikono chini ya miguu ya wenzao, na yote hayo kwa kufuata mlio wa upinde. Wenye asili yake ni watumwa waliotolewa Afrika, wa Angola na Kongo zaidi. Katika miaka ya 1960 mchoraji wa Angola, Albano Neves e Sousa, alikwenda Bahia na kueleza kwamba mchezo huo unafanana na ngolo ya kusini mwa Angola, ambayo vijana huicheza kwa kuiga mapigano ya pundamilia. Wanahistoria wanabishana juu ya hilo mpaka leo. Lisilobishaniwa ni hili: watumwa wa Brazil waliachiwa huru kisheria tarehe 13 Mei 1888, na miaka miwili tu baadaye sheria ya jinai ya 1890 ikafanya kucheza capoeira barabarani kuwa kosa la kifungo cha miezi miwili hadi sita. Mtu kafunguliwa mnyororo, kanyimwa mchezo wake. Wachezaji wakazidi kushikilia lakabu, ili polisi akimkamata mmoja asipate majina ya wenzake. Yangu nilipewa siku ya kwanza, Quênia, wala sikuulizwa kama naitaka.

Darasa la Mestre ni chumba kimoja cha ghorofani. Mbao za sakafu zimelainika kwa nyayo, na dirisha la nyuma linaangalia ghuba. Ukutani ipo picha kubwa ya Mestre Pastinha, mzee mwembamba mwenye kofia, aliyeishika capoeira ya zamani iitwayo Angola wakati mwenzake, Mestre Bimba, alipoanzisha ile ya haraka iitwayo Regional. Bimba ndiye aliyepata kibali cha serikali kwa shule yake 1937, akaja kucheza mbele ya Rais Getúlio Vargas 1953. Pastinha alibaki na mwendo wa chini, wa polepole, wa hila. Mzee wangu ni wa upande huo. Mwalimu wake alipita mlangoni kwa Pastinha mwenyewe. Kazi aliyoifanya maisha yake ni ukuli bandarini, na mabega yake yanalisema hilo kabla yeye hajafungua kinywa.

Nilikwenda na hamu ya mateke. Akanikalisha kwenye benchi, akanipa upinde.

Upinde huo ndio berimbau. Ni mti mwembamba wa biriba uliopindwa kwa waya, na chini yake kimefungwa kibuyu kilichokatwa mdomo. Mkono wa kushoto hushika upinde pamoja na kijiwe cha kubonyeza waya. Mkono wa kulia hushika kijiti cha kupigia na kikapu kidogo chenye mbegu ndani, kinacholia kama kayamba. Msomaji wa Burundi au Rwanda hahitaji maelezo, kwa kuwa umuduri wake ni huo huo, na Wagogo wa Dodoma wana ndono. Mpigaji hukisogeza kibuyu tumboni na kukiondoa, na sauti hufungika na kufunguka. Shida iko kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Uzito wote unakaa hapo, na baada ya robo saa kidole kinawaka moto. Nilipoushusha upinde nipumzike, Mestre alinirudishia mkononi bila kusema neno, akaendelea kuwasahihisha wengine.

Jioni, wengine walipokwishaondoka, ndipo akanieleza. Katika roda ya Angola ala ni nane: pinde tatu, matari mawili, kengele ya vikombe viwili, ubao wa kukwaruza na ngoma moja ndefu. Upinde mkubwa, gunga, ndio unaotawala. Ndio unaoanzisha, ndio unaoita wachezaji warudi miguuni pake wanapokosa adabu, na ndio unaofunga. “Mwanangu,” akasema, “wewe unataka kuingia katika mazungumzo na hujui yanazungumzwa nini.” Basi nikapiga upinde kila siku, na miguu nikapewa kidogo kidogo.

Siku moja alinichukua Feira de São Joaquim, soko kubwa lililo ufukweni mwa ghuba. Ukipenda kuijua Salvador, nenda pale kabla ya kwenda makanisani. Vichochoro vyake ni vyembamba, vina maji, mbuzi wamefungwa kando ya mafungu ya majani ya dawa, uduvi mkavu umerundikwa kwa rangi zake, na mafuta ya mawese yamejazwa kwenye chupa, mekundu sana juani. Nilikuwa nimeona mawese ya Kigoma. Sikudhani nitayakuta kwa wingi ule ng’ambo ya bahari ya Atlantiki. Mestre alichagua vibuyu kwa kuvigonga kwa kucha na kuvisikiliza, muuzaji akingoja bila haraka, kama kwetu mteja anavyongojewa mbele ya madafu. Alikataa vingi. Kilichompendeza alikitia chini ya kwapa, ndipo akauliza bei.

Waya hatukununua. Tulikwenda kwa fundi wa magurudumu nyuma ya soko, tukapewa tairi kuukuu. Mestre alilikalia, akachana ukingo wake wa ndani kwa kisu kifupi, pole pole, mpaka ukaonekana waya wa chuma uliofichwa ndani ya mpira. Akaushika kwa koleo, akavuta. Ulitoka ukinung’unika, mzunguko baada ya mzunguko, umegandwa na mabaki meusi ya mpira. Hayo tuliyakwangua kwa kisu, kisha akanipa msasa nisugue waya mpaka ung’ae wote, kwa sababu uchafu kidogo tu huharibu mlio. Nilisugua mpaka vidole vikawa vyeusi. Mti nao tuliuvua gamba na kuulainisha kwa kipande cha chupa, na kwenye ncha ya juu akapigilia kipande cha ngozi ya kiatu ili waya usipasue mti. Kuli wa bandari, tairi la lori, kiatu kilichokufa, kibuyu cha sokoni: vitu vya watu wasio na kitu, na vikishafungwa pamoja vinatoa sauti inayomfanya mtu mzima asimame barabarani. Upinde ule ninao.

Mafunzo ya mwili yalianzia kwenye ginga, ule mwendo wa kuyumba ambao mchezaji wa capoeira haachi kuuenda. Mguu mmoja unarudi nyuma, mkono unapanda kulinda uso, mwili unashuka, kisha upande wa pili. Ukiutazama unaona raha tupu. Mestre alisimama mbele yangu akaweka kidole chake kifuani pangu, na kila nilipoangalia miguu yangu kidole kilisukuma. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alinitaka nimtazame mtu niliye naye, nimwone wote kwa pamoja, mabega na kiuno na pumzi zake, wala nisikodolee macho mahali pamoja. Miguu, alisema, inajua njia tangu ulipokuwa mtoto.

Wengine wetu tulikuwa wageni: Wabrazil wa kusini, Wafaransa wawili, kijana wa Luanda ambaye alikuwa na huzuni yake, kwa kuwa amevuka bahari kuja kujifunza mchezo wenye jina la nchi yake. Wenyeji walikuwa mchuuzi, dereva wa basi, wanafunzi wa chuo, na mama mmoja muuguzi aliyepita miaka sitini. Niliutazama umri wa mama yule kwa heshima na nikadhani anacheza kwa kujifurahisha. Kisha nikamwona katika roda ya Jumapili.

Alikuwa akicheza na kijana mrefu, mgeni kutoka Ulaya, mwenye samasoti nzuri na nguvu za farasi. Mchezo ulipopamba moto mama akasimama wima ghafla, akafungua mikono yake miwili. Huo ni mwito, na aliyeitwa hawezi kukataa. Lakini haendi moja kwa moja. Anazunguka, anagusa ardhi, anasogea huku uso ameulinda na magoti ya mwenziwe ameyaona, mpaka viganja vyao vigusane. Hapo hutembea pamoja, hatua kadhaa mbele, hatua kadhaa nyuma, wakiangaliana. Ni adabu tupu na ni hatari tupu. Kijana alimwendea mama akitabasamu, mikono iko chini. Goti la mama likapanda polepole sana, likafika kwenye mbavu zake likasimama hapo hapo, pumzi moja kabla ya kumgusa. Duara lote likapiga kelele ya furaha. Mama akalishusha goti, akampa kijana nafasi ya kuondoka vizuri, wakaanza upya.

Baadaye Mestre alisema pigo lile ndilo lililomfurahisha kuliko yote ya siku hiyo. Pigo linalofika humuumiza mtu mara moja, akaeleza, na lile lililozuiwa mlangoni humfundisha kwa mwaka mzima. Nimewahi kukaa na walimu wa karate na wa ndondi, watu wazuri, na hakuna aliyenionyesha nguvu ya namna hiyo: kumweka mtu mkononi mwako kabisa, kisha kumwacha na heshima yake. Wazee wa zamani, wanasimulia Salvador, walicheza Jumapili na suti nyeupe za kitani, na hodari alirudi nyumbani bila doa. Nikaifikiria kanzu ya Ijumaa, na nikaona kwamba nadhafa ile ilikuwa kipimo cha ufundi, maana asiyeangushwa wala asiyejiangusha ndiye anayebaki mweupe.

Enzi za Pastinha wanawake walikuwa wachache mno katika duara. Leo wapo walimu wakubwa wanawake, na Mestra Janja, mmoja wa waanzilishi wa kundi la Nzinga lililozaliwa 1995, ni mhadhiri wa chuo kikuu pia. Kundi lilichukua jina la malkia wa Angola aliyepigana na Wareno katika karne ya 17. Mama muuguzi alinieleza haya akikunja suruali yake kuitia mkobani, akaongeza kwamba yeye mwenyewe alianza baada ya watoto wake kuoa na kuolewa, mumewe akiwa hataki. Nilimuuliza mume sasa anasemaje. Akasema sasa ndiye anayemfulia fulana yake ya njano ya capoeira.

Jambo moja lilinitia wasiwasi kabla sijaenda, nalo ni dini. Mimi ni Mwislamu, na nilisikia kwamba ngoma na nyimbo za Bahia zimechanganyika na Candomblé, ibada ya miungu iliyotoka Afrika Magharibi. Kweli, wapo wanaochora msalaba hewani wakichutama miguuni pa upinde, na wapo wanaogusa ardhi kwa ajili ya wazee wao waliokufa. Mestre aliona nilivyosita. Hakunihubiria. Alinichukua tukatembea hadi Ladeira da Praça, mteremko wa kawaida wenye magari na maduka, akanionyesha palipoanzia mapambano ya usiku wa kuamkia 25 Januari 1835. Mamia ya Waafrika Waislamu wa mji huu, watumwa na waliojikomboa, waliinuka katika kumi la mwisho la Ramadhani. Walishindwa. Walipopekuliwa walikutwa na karatasi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, aya na dua, nyingine zimekunjwa na kushonwa ndani ya vifuko vya ngozi vya kuvaa shingoni. Hirizi. Zipo mpaka leo katika hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Bahia.

Nilisimama pale nikiwa nimekosa la kusema. Tangu utotoni nimesoma habari za utumwa wa pwani yetu, nimekwenda Mkunazini, Unguja, nikaona kanisa lililojengwa palipokuwa na soko la watu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyehifadhi Qurani kifuani akavushwa bahari, akafunga Ramadhani akiwa mali ya mtu, na akatoka usiku na upanga. Tangu siku hiyo nilichutama miguuni pa upinde kama wenzangu, nikasema bismillahi yangu moyoni, nikaingia.

Sasa niseme juu ya chakula, kwa kuwa bila chakula Bahia haielezeki. Mchuzi wao wa samaki, moqueca, huja unatokota katika chungu cheusi: nazi, nyanya, vitunguu, giligilani, na mawese juu yake. Ukiondoa mawese ni mchuzi wa nyumbani kwetu. Pembeni huwekwa unga wa mhogo uliokaangwa, na hapo niliwakumbusha wenyeji kwamba mhogo wetu na korosho zetu zilitoka kwao, kwa mikono ya Wareno wale wale. Walifurahi sana. Mara nyingi wanaambiwa walichochukua Afrika, hawaambiwi walichotupa.

Lakini kilichonishika ni acarajé. Jioni, kwenye pembe za barabara, kina mama waliovaa magauni meupe mapana na vilemba huketi nyuma ya masufuria ya mawese yanayochemka. Kunde zimelowekwa, zimemenywa maganda yote, zimesagwa na vitunguu, zimepigwa kwa mwiko wa mbao mpaka zikajaa hewa. Mama anachota kwa kijiko, anaitumbukiza tonge, nayo inavimba na kugeuka rangi ya matofali. Ni bajia ya kunde, tena ile ya kweli, isipokuwa kubwa kama ngumi. Huipasua ubavuni na kuitia uji mzito wa uduvi na karanga, bamia, na pilipili ya kumtoa mtu machozi. Kazi ya kina mama hao ilitambuliwa 2005 kuwa urithi wa taifa la Brazil.

Tulikuwa tunakula hiyo, mimi na Mestre, tumekaa kwenye ngazi karibu na Pelourinho, ule uwanja wa mteremko uliopewa jina la nguzo ya kuchapia watumwa. Mbele yetu kuna kanisa la buluu la Rosário dos Pretos, ambalo Waafrika walianza kulijenga mwanzoni mwa karne ya 18 kwa saa zao chache za kupumzika. Mestre akanionyesha kwa kidole jumba moja uwanjani. Hapo, akasema, ndipo ilipokuwa shule ya Pastinha.

Niliijua hadithi hiyo kidogo, ila kuisikia mahali pale ni jambo lingine. Pastinha alizaliwa 1889. Akiwa mtoto alipigwa kila mara na mwenziwe aliyemzidi nguvu, mpaka mzee mmoja Mwafrika aitwaye Benedito, aliyekuwa akitazama dirishani, akamwita akamfundisha. Alifundisha kwa miaka mingi, akaandika kitabu kilichochapishwa 1964, na 1966 akapelekwa Dakar, Senegal, kwenye tamasha la kwanza la dunia la sanaa za watu weusi, kuiwakilisha Brazil. Miaka michache baadaye jumba lake likachukuliwa kwa ajili ya ukarabati wa Pelourinho, akaambiwa atarudishwa. Hakurudishwa. Pakawa mkahawa. Alipofuka macho. Mkewe, Dona Romélia, aliuza acarajé barabarani kama hizi tulizoshika mkononi, na ndizo zilizomlisha mwalimu mkubwa kuliko wote wa capoeira Angola. Alikufa Novemba 1981, maskini. Bimba naye alikuwa ameuhama mji 1973, amechoka kungoja msaada, akafia Goiânia mwaka uliofuata.

“Halafu wakatupa cheti,” Mestre akasema. Alimaanisha kwamba 2008 taifa liliitambua capoeira kuwa urithi wake, na Novemba 2014 UNESCO ikaitia roda katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Hakukidharau cheti, alikwenda sherehe, akavaa vizuri, akapiga upinde. Ila alinitajia wazee wenziwe mmoja mmoja, anayeumwa figo, aliyekatwa mguu kwa sukari, anayelala kwa binti yake kitanda kimoja na wajukuu, na alipomaliza kuhesabu karatasi ya acarajé ilikuwa imepoa mkononi mwake. Mimi nilikasirika na bado nimekasirika. Nchi inayomuita mtu urithi akiwa hai ina wajibu wa kumnunulia dawa akiwa hai.

Wapo vijana wanaopiga samasoti pale kwenye uwanja wa Terreiro de Jesus mbele ya kamera za watalii, kisha wanapitisha kofia. Watu wa madarasani huwasema vibaya. Mestre hakuwasema. Alipita akawasalimia, mmoja akamwamkia kwa kuinama, naye akamwekea noti kwenye kofia. Nilipomuuliza alisema kijana yule analisha mama yake kwa miguu, na siku akitaka kujifunza mengine mlango anaujua.

Karibu na mwisho wa safari yangu ndipo aliponigeuzia swali. Kwenu mnacheza nini? Nikamweleza kirumbizi: watu wawili katikati ya watu, kila mmoja na fimbo yake, ngoma na zumari vinawasukuma, na mmoja anamtafuta mwenziwe nafasi ya kumgusa huku akicheza kwa madaha. Lamu huonekana wakati wa Maulidi, na harusini bado. Hakutosheka na maneno. Akachukua mafagio mawili, akavua vichwa vyake, akanipa mpini mmoja. Tulisimama katikati ya darasa, nikamwonyesha nilichokiona kwa ami zangu: fimbo inavyoinuliwa juu ya kichwa, mguu unavyochelewa, macho yanavyomzuga mtu upande usio wake. Baada ya muda mfupi mzee yule wa miaka sabini na ushei alikuwa amekwishaelewa. Akanipita chini ya fimbo, akanigusa kisigino kwa ncha ya mpini wake, akasimama mbali anacheka hadi akakaa. “Ndugu yetu huyo,” akasema, na alikuwa hasemi juu yangu, bali juu ya mchezo.

Kisha akauliza ni nani anayenifundisha. Nikasema ninaujua kwa kuona tu. Wazee waliokuwa wakiufundisha wamebaki wachache, na vijana wetu wanakwenda taekwondo na ndondi. Akaniuliza mzee aliye karibu na nyumbani kwangu anakaa wapi. Nikamtajia mtaa. Akaniuliza kama nimewahi kupanda ngazi zake.

Niliporudi Mombasa nilizipanda. Mzee alinipokea kwa kahawa, akanisikiliza habari zote za Bahia, akashika berimbau yangu akaigonga mara mbili na kuirudisha. Akasema hafundishi mtu mmoja peke yake, kwa kuwa kirumbizi ni cha wawili na wa kuwazunguka. Nilete wenzangu, na kila mtu aje na bakora yake ya mtobwe, si mpini wa fagio. Nikamuuliza ada. Akasema ada hataki, lakini kliniki ya sukari anakwenda kila mwezi na nauli, dawa na chakula chake maalumu vinamshinda.

Tunakutana Jumamosi baada ya alasiri, nyuma ya nyumba yake. Tumeafikiana kiasi, tunakusanya mwisho wa mwezi kabla ya ngoma kuwambwa, na mmoja wetu, dereva wa tuktuk, humpeleka kliniki na kumrudisha. Mwezi uliopita mzee alituongezea sharti: tulete watoto wetu wa kike pia, kwa sababu mjukuu wake amekuwa akitutazama kupitia dirishani na ameshaanza kutukosoa miguu.